Tarumbeta ipi itachanganyika vizuri na za wenzangu?

Sauti ya Pili
Habari zenu, ndugu wanamuziki. Napuliza sauti ya pili katika safu ya tarumbeta nne. Wenzangu wote watatu wanatumia Bach Stradivarius ya B-flati yenye mdomo (sehemu pana ya mbele inayotoa sauti) namba 37, ilhali yangu ni ya bati jembamba, nyepesi kuishika na rahisi kuipuliza. Kiongozi wetu amekuwa akilalamika kwamba nasikika peke yangu, hasa tunapoongeza nguvu. Sasa nakusudia kununua nyingine. Je, ni lazima iwe ya aina ileile, au yapo mambo mengine ya kuzingatia?

Mzee wa Vali
Ndugu yangu, kufanana kwa majina si sharti. Bach uliyoitaja kwa kawaida ina bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 11.66, na Yamaha Xeno YTR-8335 ina milimita 11.65, kwa hiyo zikiwekwa pamoja katika safu moja hazigombani. Shida yako naihisi kwenye unene wa bati. Mdomo mwembamba huitikia upesi na kumridhisha mpulizaji, lakini nguvu inapoongezeka sauti yake huanza kuwa kali na kukwaruza mapema, wakati za wenzako bado ni za mviringo. Ndiyo maana unasikika peke yako palepale penye nguvu na si kwingineko.

Kuhusu madini, shaba ya njano ya kawaida huwa na takriban asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki, na ile yenye wekundu zaidi hufika asilimia 85 kwa 15. Wengi huisifu hii ya pili kwa joto la sauti, ingawa kwa maoni yangu tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ya umbo na unene. Rangi ya fedha au ya dhahabu kwa nje, chagua uipendayo.

Hata hivyo, kabla hujatoa fedha, chunguza kipulizio, yaani kile kipande unachowekea midomo. Katika vipulizio vya Bach, herufi A ni ya kikombe chenye kina kirefu zaidi, na kina hupungua kadiri herufi zinavyosonga mbele. Ikiwa wenzako wana 3C (yaani kikombe cha herufi C) nawe una chenye E, hakuna tarumbeta itakayokusaidia.

Sikio Kavu
Mzee amesema vyema, ila suala la tyuni lisisahaulike. Kila tarumbeta ina noti zake korofi. E ya juu ipulizwayo bila kubonyeza vali huelekea kushuka kwa takriban senti 14, nusu toni ikiwa ni senti 100, na vali ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja sauti hupanda mpaka bomba la vali ya tatu livutwe. Bomba hilo likiwa gumu kuvutika, iache tarumbeta hiyo. (E hiyohiyo, ikiwa ndiyo noti ya kati katika kodi ya C meja, yaani noti C, E na G zikipulizwa pamoja, hukaa mahali pake hasa, kwa kuwa hapo hutakiwa kuwa chini kidogo, na wewe wa sauti ya pili utakutana nayo mara nyingi.)

Sauti ya Pili
Nashukuruni sana. Kipulizio changu kweli kina kikombe kifupi. Nimeazima cha mwenzangu chenye C: ukali umepungua katika nguvu ya wastani, lakini tunapofika kileleni bado unajitokeza.

Mama Krescendo
Basi kilichobaki ni tarumbeta yenyewe. Usiijaribu peke yako katika chumba kidogo, kwa sababu sauti kali hutoka mbele moja kwa moja na wewe uliye nyuma ya mdomo huisikia imepungua. Nenda na mwenzako mmoja wa safu na mtu wa tatu wa kusikiliza. Mwenzako ashike G ya kati kwa upole, nawe uingie taratibu juu yake, na msikilizaji aliyesimama mwisho wa ukumbi akiwa amewapa mgongo aseme ni wakati gani mmekuwa wawili. Kisha mwongeze nguvu pamoja hadi mmoja wenu aanze kukwaruza. Ukitangulia wewe kwa mbali, jaribu nyingine. Zile za vali za kuzunguka, zinazopendwa na okestra za Vienna na Ujerumani, usizihangaikie maadamu wenzako wote wana za pistoni, yaani za vali zinazopanda na kushuka.