Mwenzetu alitukanwa kwa sababu ya sauti yake, nasi tukanyamaza: tulipaswa kufanya nini?

Nahodha_wa_Tano ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni nahodha wa kikundi cha watu watano tunaocheza pamoja mchezo wa kurushiana risasi mtandaoni, na tumekuwa tukikutana usiku mara tatu kwa juma kwa karibu miaka miwili sasa. Miezi miwili iliyopita alijiunga nasi dada mmoja ambaye, kusema kweli, ana macho makali kuliko sisi wote: humwona adui kabla sisi hatujasikia hata nyayo zake. Majuma ya kwanza aliandika tu, hakuzungumza. Mimi ndiye niliyemsihi afungue kipaza sauti, maana katika mchezo huu taarifa inayochelewa sekunde mbili haina tena kazi.

Alikubali. Katika mechi hiyo mfumo ulituunganisha na wachezaji wengine watano tusiowafahamu ili timu itimie watu kumi. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa fupi: "Wawili, mlango wa nyuma." Kabla hajamaliza, mmoja wa wale wageni aliuliza ni nani aliyemleta mwanamke humu, mwingine akamwambia arudi jikoni, wa tatu akaanza kueleza, kwa lugha nisiyoweza kuiandika hapa, mambo ambayo angemfanyia iwapo angejua anakoishi. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya dakika kumi. Niliiona ile alama ndogo ya kipaza sauti kando ya jina lake ikizimika, nami sikusema neno. Wenzangu nao hawakusema. Mmoja wetu, na inaniuma kuliandika hili, alicheka.

Tangu siku hiyo amerudi kuandika. Ili aandike ni lazima aondoe mkono kwenye vitufe vya kutembelea, na jana tu aliuawa mara tatu akiwa amesimama mahali pamoja akituandikia "2 nyuma". Nilipomwomba radhi kwa faragha alinijibu mstari mmoja: "Wale siwajui. Ninyi nawajua." Nimeshindwa kuutoa mstari huo kichwani. Naomba mnieleze, hasa mliowahi kupitia haya: nilipaswa kufanya nini pale pale, na nifanye nini sasa bila kujifanya shujaa wala kumgeuza yeye kuwa mada ya mazungumzo?

---

Tumbawe amejibu:

Ndugu nahodha, nimecheza michezo ya aina hii kwa zaidi ya miaka kumi nikiwa mwanamke, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wengi wa niliocheza nao hawakujua kwamba mimi ni mwanamke. Nilijipa jina lisiloonyesha jinsia, nikaficha orodha ya marafiki, na kwa muda nikatumia programu ya kubadilisha sauti iliyonifanya nisikike kama mzee mwenye mafua. Kwa hiyo ile alama inayozimika naijua vizuri.

Kilichokuwa kikinisaidia, mara chache kilipotokea, hakikuwa hotuba. Ilikuwa sentensi moja kutoka kwa mtu ambaye wengine tayari wanamhesabu kuwa mwenzao, kwa mfano: "Acha hayo, tuko kwenye mechi. Dada, rudia, ni wangapi na wako wapi?" Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ina uzito kuliko ya kwanza, kwa sababu inamrudishia kazi yake. Yule anayetukana anataka mwanamke awe jambo la kujadiliwa. Ukimwuliza adui yuko wapi, anakuwa tena mchezaji. Sentensi hiyo isemwe mapema, kabla mtu wa pili hajaongeza la kwake, kwa kuwa katika chumba cha watu kumi mtu wa kwanza hutukana kwa kujaribu tu, akisikiliza kama kuna atakayemzuia, na ukimya wa wengine ndio unaowapa ruhusa wa pili na wa tatu.

Nakuonya pia juu ya jambo moja. Nimewahi kutetewa na wanaume waliomjibu mtukanaji kwa kumtukania mama yake, nikajikuta katika mechi yenye wanawake wawili wanaotukanwa badala ya mmoja. Utetezi wa namna hiyo ni heri ukosekane.

Kuhusu sasa: huyo dada alitukanwa mbele ya watu, nawe ukamwomba radhi pembeni. Sisemi umtungie barua ya hadhara. Nasema wenzako watatu wanapaswa kusikia kutoka kwako, kama nahodha, kwamba mlikosea, na yule aliyecheka azungumze naye mwenyewe bila wewe kumsemea. Kabla ya yote hayo, mwulize yeye anataka nini. Huenda anataka mambo yafuatiliwe, na huenda anataka tu kucheza.

---

Risasi_Moja amejibu:

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Katika michezo hii kila mtu hutukanwa. Mimi mwenyewe nimeshaambiwa mambo kuhusu ukoo wangu ambayo siwezi kuyarudia, na sikufungua mada ya kuomba ushauri. Kitufe cha kumnyamazisha mtu kipo. Ukikibonyeza, humsikii tena. Kadiri tunavyoyakuza maneno ya watoto waliokosa usingizi ndivyo tunavyowapa umuhimu wasiostahili, na nadhani tunawadhalilisha wanawake kwa kudhani kwamba hawawezi kuvumilia yale ambayo wengine wanayavumilia.

---

Mwamuzi_Mstaafu amejibu:

Nilikuwa msimamizi wa kujitolea katika seva za mchezo mmoja kwa miaka minne, na kazi yangu ilikuwa kusoma ripoti za wachezaji. Nitaanza na hoja ya Risasi_Moja, kwa sababu nilikuwa nayo mimi mwenyewe mwanzoni.

Ni kweli kwamba wote hutukanwa, ila si kwa kiwango kimoja wala kwa sababu moja. Watafiti Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walilipima jambo hili katika mchezo wa Halo 3, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2012. Waliingia katika mechi wakitumia sentensi zile zile zilizorekodiwa, zisizo na uchokozi wowote, mara kwa sauti ya kiume, mara kwa sauti ya kike. Sauti ya kike ilipata maneno mabaya mara 3 zaidi ya sauti ya kiume. Mwaka 2015 Kuznekoff akishirikiana na Michael Kasumovic alichapisha uchunguzi mwingine uliotokana na mchezo huo huo, wakaona kwamba waliokuwa wakali zaidi kwa sauti ya kike ni wanaume waliokuwa wakicheza vibaya, ilhali waliocheza vizuri walikuwa na maneno mazuri zaidi kwake. Wewe, ndugu yangu, ulitukanwa kwa kukosa shabaha au kwa kushindwa. Huyu dada alitukanwa kwa kusema "wawili, mlango wa nyuma", na taarifa yenyewe ilikuwa sahihi.

Ama kitufe cha kunyamazisha, hicho kinamsaidia anayekibonyeza asisikie, basi. Wengine tisa bado wanasikia, maneno yanaendelea kusemwa juu yake, na iwapo aliyenyamazishwa ataona adui, yeye peke yake hatapata taarifa. Tumpe mwanamke kitufe hicho, naam, lakini tusimwambie kwamba ndicho jibu.

Isitoshe, yule wa tatu hakutukana, alitishia. Tofauti hiyo ni kubwa katika kila mfumo niliowahi kuufanyia kazi, na wanaodharau vitisho vya mtandaoni wakumbuke Oktoba 2014, wakati wa lile wimbi la mashambulizi ya mtandaoni dhidi ya wanawake katika ulimwengu wa michezo ya video, lililojulikana kwa jina la Gamergate. Anita Sarkeesian, mchambuzi wa namna wanawake wanavyochorwa katika michezo ya video, alikuwa azungumze katika Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani. Chuo kilipokea barua pepe iliyotishia mauaji ya halaiki. Alifuta hotuba baada ya kuelezwa kwamba sheria ya jimbo iliwaruhusu wenye vibali kuingia na silaha, hivyo polisi wasingeweza kuwazuia mlangoni. Ukumbi ulikaa kimya kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa na mtu asiyejulikana hadi leo.

Sasa, nahodha, kuhusu ripoti. Watu wengi huripoti wakiwa na hasira, wakaandika "huyu ni mshenzi", na msimamizi hana la kufanya na sentensi hiyo. Andika siku, saa, namba ya mechi ikiwa mchezo unaionyesha, jina la mchezaji kama linavyoonekana herufi kwa herufi, kisha maneno yenyewe aliyoyasema hata kama yanakukera kuyaandika, na uchague kundi la "vitisho" badala ya "lugha chafu", kwa kuwa mara nyingi makundi hayo hayapiti kwenye foleni moja. Sauti ndiyo ngumu kuliko yote, kwani mifumo mingi haiihifadhi au huihifadhi kwa muda mfupi mno. Xbox, mfumo wa michezo wa kampuni ya Microsoft, ilianzisha mwaka 2023 njia ya mchezaji kunasa kipande cha sekunde 60 na kukiambatanisha na ripoti, lakini kipande hicho hufutika baada ya saa 24 usipokituma. Kwenye kompyuta, washa programu ya kurekodi skrini kabla ya mechi kuanza. Usikate wala kupamba ulichorekodi. Hifadhi faili lote, kisha utaje dakika husika.

Na la mwisho kwangu: ripoti msizitume kwa mkono wa huyo dada. Ninyi wanne mlisikia, basi kila mmoja aripoti kwa akaunti yake na kwa maneno yake. Nilipokuwa msimamizi, ripoti nne zilizoandikwa tofauti na mashahidi wanne zilinifanya niache kila kitu nikasome. Ripoti nne zilizonakiliwa neno kwa neno zilinifanya nishuku kwamba kuna kisasi cha timu.

---

Mkia_wa_Kinyonga amejibu:

Mimi naona tunazunguka mbuyu. Kila mchezaji alazimishwe kutumia jina lake halisi, na matusi yatakwisha siku hiyo hiyo.

---

Tumbawe amejibu:

Mkia_wa_Kinyonga, wazo hilo lilikaribia kutekelezwa. Julai 2010 Blizzard, kampuni inayotengeneza michezo ya video, ilitangaza kwamba watakaoandika katika majukwaa yake rasmi wataonekana kwa majina yao halisi, kwa matumaini hayo hayo uliyo nayo. Mfanyakazi wao mmoja alipoandika jina lake ili kuonyesha kwamba hakuna hatari, watu walianza mara moja kusambaza taarifa binafsi zilizodaiwa kuwa zake. Mpango ulifutwa baada ya siku chache. Fikiria huyu dada angekuwa na jina lake halisi juu ya kichwa cha mchezaji wake usiku ule, mbele ya mtu anayesema "ningejua unakoishi".

Tena jina halimzuii mtu kumshuku mwanamke. Kim Se-yeon, msichana wa Korea Kusini anayejulikana kwa jina la Geguri, alikuwa na umri wa miaka 17 mwaka 2016 alipotuhumiwa na wapinzani kwamba analenga kwa msaada wa programu ya udanganyifu, kwa kuwa alikuwa hodari mno katika mchezo wa risasi uitwao Overwatch. Ilimbidi acheze mbashara huku kamera ikionyesha mikono yake. Alisafishwa, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa katika ligi kuu ya mchezo huo. Waliomtuhumu hawakuwa wageni wasiojulikana. Walikuwa wachezaji wa mashindano.

---

Risasi_Moja amejibu:

Huo uchunguzi wa sauti sikuwa nimeusikia. Bado naamini kwamba mtu anahitaji ngozi ngumu katika michezo hii, lakini nakiri kwamba sijawahi kutukanwa kwa sababu tu ya kusema adui yuko wapi.

---

Nahodha_wa_Tano amejibu:

Nawashukuru. Ninarudi baada ya siku kumi na mbili kueleza kilichotokea, ingawa si habari ya ushindi.

Nilimwuliza dada anataka nini kama alivyoshauri Tumbawe. Alisema vitisho viripotiwe, matusi yaachwe, na asiulizwe tena kama yuko sawa. Hatukuwa na rekodi ya sauti, kwa hiyo tuliandika tulichokumbuka, watatu kati yetu, kila mmoja kwa maneno yake. Tumepokea ujumbe wa kukiri kwamba ripoti zimefika, na mpaka sasa hakuna zaidi ya hapo. Aliyecheka alikataa kuzungumza naye. Alisema tumekuwa wepesi wa kuudhika, akaondoka kikundini pamoja na cheo chake na vifaa tulivyomkusanyia. Sikutarajia kwamba lingeniuma, maana ni rafiki yangu wa tangu mwanzo, lakini sikumfuata.

Sasa rekodi ya skrini huwaka kila mechi. Juzi mgeni mmoja alianza na lile neno la jikoni, nami nikasema ile sentensi, sauti ikinitetemeka kuliko nilivyopenda. Akanicheka, kisha akanyamaza. Dada hakufungua kipaza sauti usiku huo. Amekifungua katika chumba chetu wenyewe, ambamo wageni hawasikii, na huko huzungumza tu inapobidi.

Jana, katikati ya mechi ya watu kumi, ile alama kando ya jina lake iliwaka kwa wote. Alisema neno moja: "Juu." Tukatazama juu, na kweli adui alikuwapo.