PinePhone imekata moto, na kabla ya hapo modemu ilipotea. Nianzie wapi?

Fundi Makambako

Wakuu heshima kwenu.

Mimi ni fundi simu hapa Makambako, kibanda changu kipo karibu na stendi. Kazi zangu za kila siku ni vioo, mifumo ya chaji na simu zilizodumbukia chooni, kwa hiyo bisibisi naijua. Ila hii iliyopo mezani leo imenivua nguo.

Ni PinePhone, toleo la postmarketOS (mfumo wa Linux wa simu) la mwaka 2020, RAM 3GB, uhifadhi 32GB. Shemeji yangu anaishi Hamburg, aliinunua dola 199, ikamshinda, ikalala kwenye droo. Alipokuja likizo akanikabidhi na maneno mawili tu: "Fundi, haya."

Kwa wasioijua: hii siyo Android. Ndani inatembea Linux kama ya kwenye kompyuta. Kava la nyuma unalibandua kwa kucha, betri inatoka kama enzi za Nokia, na michoro ya saketi yake watengenezaji wameiweka wazi, unapakua bure. Mtu kama mimi niliyezoea kuomba mchoro wa Tecno kwenye magrupu kama naomba chumvi kwa jirani, hilo peke yake lilitosha kunifanya niipende.

Niliweka postmarketOS mpya yenye sura ya Phosh. Kwa wiki tatu nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilipiga simu, nilituma meseji, na siku moja niliichomeka kwenye runinga kwa ile doki iliyokuja nayo, nikaweka kibodi na mausi, watoto wakadhani nimenunua kompyuta. Wateja wakaanza kuja kibandani kuishangaa tu, bila simu mbovu mkononi.

Matatizo yakaanza Jumamosi. Nilitoa betri nisome maandishi yake, nikairudisha, nikawasha. Alama ya mtandao haipo. Nikafungua terminali, kile kisanduku cha kuandikia amri, nikaitafuta modemu, yaani kile chombo cha kushika mtandao wa simu:

`mmcli -L`

Jibu: `No modems were found`

Nimezima na kuwasha mara kumi. Nimebadilisha laini. Nimeweka mfumo upya tangu mwanzo, saa nzima imekwenda, modemu hakuna. Nikakata tamaa, nikaitupia kwenye begi ikiwa imewashwa, nikaenda msibani Njombe siku tatu.

Nimerudi imekufa kabisa. Nikichomeka chaji taa inawaka, nembo inatokea, kioo kinazima, baada ya sekunde chache inaanza tena. Nimeiacha usiku kucha, asubuhi nimeikuta inacheza mchezo ule ule, na mgongo wa moto. Nimejaribu chaja tatu.

Naomba msaada kwa mpangilio huu: kwanza ifufuke, halafu modemu irudi. Na kama kuna anayetumia simu za namna hii hapa kwetu, aniambie M-Pesa anaipataje, maana wateja wangu wengi wananilipa kwa simu, na simu isiyofungua *150*00# kwangu ni redio.

---

Mzee wa Kijiwe

Fundi, nunua kitochi. Chaji wiki nzima, M-Pesa ipo, tochi ipo. Hiyo ya shemeji mpe mtoto achezee.

---

Fundi Makambako

Kitochi ninacho mzee, ndicho ninachopokelea wateja wakipiga. Swali langu halijabadilika.

---

Bwana Solda

Fundi, pole na msiba.

Ninayo kama yako tangu 2021 na hilo la kwanza limenikuta. Simu haijafa. Betri imekauka kupita kiasi, na hapo inaingia kwenye kitanzi: ukichomeka chaji inajiwasha yenyewe, kuwaka kunakula umeme mwingi kuliko unaoingia, inaanguka, inajiwasha tena. Unaweza kuiacha hivyo hadi Pasaka. Chaja kubwa haisaidii, kwa sababu kabla mfumo haujasimama simu haijajua kuomba umeme zaidi.

Dawa unayo kibandani. Chaja ya kobe.

Sitanii. Betri ya PinePhone ina umbo la betri ya Samsung J7 ya 2015, na walilichagua makusudi ili mtu asikose spea popote duniani. Itoe, ipime na mita kati ya chanya na hasi. Ukikuta chini ya volti 3.3, huo ndio ugonjwa. Ukikuta chini ya 2.5, usiilazimishe, tafuta ya J7 nyingine. Ikiwa katikati, ibane kwenye kobe, ikae mbele ya macho yako, usiende kulala. Kobe wengi hawajui kuacha. Ikifika 3.8 au 3.9 itoe, irudishe kwenye simu, washa, halafu ndipo uchomeke chaji ya kawaida imalizie.

Sasa modemu. Nina swali moja: ile Jumamosi betri uliitoa kwa kutumia nini?

---

Fundi Makambako

Bisibisi bapa. Ilikuwa imebana.

---

Bwana Solda

Nilijua.

Fungua kava. Juu ya betri kuna kisanduku chenye swichi sita zilizopangana, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Watu wengi wanazipita bila kuziona. Namba 1 ni modemu, 2 ni waifai na Bluetooth, 3 maikrofoni, 4 kamera ya nyuma, 5 kamera ya mbele, 6 tundu la spika za masikioni. Ziliwekwa kwa ajili ya faragha: asiyetaka kusikilizwa anakata umeme wa maikrofoni kwa mkono wake, siyo kwa kubonyeza kitufe kilichochorwa kwenye kioo na kuomba Mungu.

Bisibisi yako nadhani imeigusa namba 1. Ikizimwa hiyo, modemu haina umeme, na hakuna mfumo utakaoiona hata uweke upya mara mia. Zima simu kabisa, rudisha swichi kwa kijiti cha meno. Chuma usitumie tena hapo.

Ukiwa hapo hapo, iangalie na namba 6. Ikiwa imezimwa, lile tundu haliwi tena la spika, linageuka mlango wa kusomea kwa waya ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kwa fundi kama wewe ni zawadi. Kwa mtu anayetaka kusikiliza taarabu ni balaa.

Halafu jambo la kukutuliza roho: prosesa ya simu hii ikiamka inatafuta mfumo kwenye memori kadi kwanza, ndipo iende kwenye uhifadhi wa ndani. Maana yake hata uharibu vipi humo ndani, kadi yenye mfumo mzima inaifufua. Mimi nina kadi moja ya GB 16 nimeibandika plasta na kuiandikia "114", yaani Fire, na haiguswi kwa kazi nyingine. Ukiandika mfumo kwenye kadi kwa amri ya `dd`, soma jina la diski mara mbili, maana inafuta diski yoyote utakayoitaja. Niliwahi kusoma mara moja, na laptopu ya mke wangu ikaanza maisha mapya siku hiyo.

---

Mkunguni

Salaam kutoka Likoni, Mombasa. Ndugu Solda kaeleza vizuri, mie naongezea la pesa kwa kuwa nimehangaika nalo sana.

Kwetu Kenya kuna M-Pesa ya aina mbili. Kuna ile menyu inayokaa ndani ya laini yenyewe, na kuna *334#. Ile ya ndani ya laini kwenye Phosh siioni, na kile kisanduku kinachoruka ukilipa dukani ili uweke PIN pia hakinitokei. Si kosa la mtandao, ni huku Linux ndiko hakuna wa kuipokea menyu hiyo. Kwa hiyo mie kila kitu napitia *334#. Ninyi Tanzania mmezoea kupiga nyota tangu zamani, mambo yenu mepesi zaidi.

Njia ya kwanza ni ile programu ya kupigia simu: andika nyota zako kama kawaida, bonyeza kupiga, menyu inafunguka kwenye dirisha dogo. Ikigoma, nenda terminali. Kwako wewe:

`mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate='*150*00#'`

Menyu itakuja kwa maandishi. Kujibu, tuseme umechagua 1:

`mmcli -m any --3gpp-ussd-respond='1'`

Na ukitaka kutoka:

`mmcli -m any --3gpp-ussd-cancel`

Hizo alama za kufungia nyota usiziache, bila hizo terminali itazielewa nyota kivyake. Na kuwa na kasi, kwa sababu menyu haikungojei. Mie nimeziandika amri zangu kwenye faili fupi, nabonyeza herufi moja tu.

Sasa nisikilize hapa, ndugu yangu. Ukifika pahala pa kuweka PIN, USIIANDIKE ndani ya amri. Terminali huweka kumbukumbu ya kila unachoandika. Mie nilikuja kufungua faili la `.ash_history` baada ya miezi miwili, nikakuta PIN yangu imejipanga humo mara kumi na nne, kila siku niliyonunua unga. Fanya hivi:

`read -s n; mmcli -m any --3gpp-ussd-respond="$n"`

Ukibonyeza enta itakaa kimya kama imekwama. Andika PIN, haitaonekana, bonyeza enta tena. Kwenye kumbukumbu itabaki herufi `n` peke yake.

---

Chabruma

Fundi, kabla hujajaribu kwenye pesa, jaribu kwanza na *106#. Haikugharimu kitu, na ikikuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, basi njia ya nyota inafanya kazi na unaweza kwenda kwenye *150*00# bila wasiwasi.

Halafu IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu. Tulioshuhudia Juni 2016 TCRA wanazima simu feki usiku mmoja tuna adabu na hilo jambo. Kwenye simu hii IMEI inakaa kwenye modemu, unaisoma hivi:

`mmcli -m any | grep imei`

Itume kwa meseji kwenda 15090 uone inasomekaje. Na kwa kuwa modemu hii inafunguka hadi ndani, utakutana na watu mtandaoni wanaelekeza namna ya kubadili hiyo namba. Pita mbali. Ni kosa kisheria, na wewe una kibanda kinachojulikana.

---

Mzee wa Kijiwe

Yaani mtu anaandika mistari mitano kununua umeme wa elfu mbili. Kitochi, fundi. Kitochi.

---

Bwana Solda

Mzee, wewe chai yako inachemka kwa mkaa au kwa gesi? Kila mtu na jiko lake.

Fundi, nilisahau moja ambalo utaliuliza tu. Ikiwaka, utaona mtu akikupigia simu inachelewa kuita. Ndani ya hiki kifaa kuna kompyuta mbili. Moja ni Allwinner A64, hiyo ndiyo inayoendesha kioo na kila unachokiona. Ya pili ni modemu, Quectel EG25-G, ina prosesa yake na Linux yake peke yake. Simu ikilala, A64 inalala fofofo ili betri idumu, modemu inabaki macho kama mlinzi wa getini. Mgeni akija, mlinzi anagonga dirisha. Mwenye nyumba anaamka, anatafuta shati, anatafuta ndara, ndipo anafungua mlango. Hizo ndizo sekunde anazozisikia mpigaji.

Ukitaka iite haraka, ikataze kulala, lakini hapo utachaji mchana na usiku. Mimi naiacha ilale, ndugu zangu nimewaambia wasikate mapema. Na siku modemu ikipotea baada ya usingizi, siyo baada ya bisibisi, anzisha upya `eg25-manager`, programu inayoisimamia modemu, kabla hujazima simu nzima.

---

Fundi Makambako

Wakuu, mrejesho.

Betri nimeipima: 2.9. Nimeibana kwenye kobe saa tatu asubuhi, kobe mwenyewe ni yule wa shilingi elfu tatu, taa zake zinacheza kama disko. Nimekaa naye huku natengeneza itel ya mtu. Saa tano na robo mita imesoma 3.85. Nimeirudisha, nimewasha, imesimama. Nikaingiza namba ya kufungulia, 147147, sijawahi kufurahia kuandika namba hiyo namna hii.

Swichi namba 1 ilikuwa imezimwa. Pembeni yake kuna mkwaruzo mpya wa bisibisi, unang'aa, hata picha sitaweka. Kijiti cha meno nimepewa na mama ntilie wa jirani. `mmcli -L` sasa inataja Quectel bila kusita.

Nimejaribu *106#, laini zangu zimekuja mbili na zote ni zangu. *150*00# kwenye programu ya simu ilinikatia mara ya kwanza kwa sababu nilizubaa, mara ya pili nimenunua umeme wa elfu mbili, Mzee wa Kijiwe asome hapo vizuri. PIN niliiweka kwa ile njia ya `read -s` baada ya kuhamia terminali. Kabla ya hapo nilifungua `.ash_history` yangu kwa hofu, nikakuta upuuzi mtupu ila PIN hakuna, Mungu mkubwa.

IMEI nimetuma 15090, imejibu vizuri.

Kilichobaki ni mama watoto. Alipiga saa nane. Simu iliamka, ikaita mara moja, akakata. Nikampigia. Kaniuliza mbona sipokei, nikaanza kumweleza habari za mlinzi na mwenye nyumba anayetafuta ndara. Akanyamaza kidogo, halafu akasema sauti yangu inatoka kama nipo kisimani, na nikirudi nipitie nyanya.

Solda, hiyo ya kisimani ni maikrofoni au ni mipangilio ya sauti? Swichi namba 3 nimeshaiangalia, imewashwa.