Maumivu baada ya mkanda wa jeshi: plasta ya ganzi au krimu ya kapsaisini?

Kitindamimba: Wakuu habari. Mama aliugua mkanda wa jeshi ubavuni. Malengelenge yalishakauka, yamebaki makovu tu, lakini maumivu yamepita miezi 3. Hata shuka likimgusa pale anashtuka. Daktari ametupa chaguo la plasta ya lidokaini (dawa ya ganzi) au krimu ya kapsaisini. Mliotumia, ipi afadhali?

Mtulivu: Pole sana kwa mama. Mimi ni mtu wa plasta. Ile ya asilimia 5 inabandikwa palepale panapouma kwa saa 12, kisha ngozi inapumzishwa saa 12. Eneo likiwa kubwa, zinaruhusiwa hadi 3 kwa pamoja, na unaweza kuikata kwa mkasi kabla ya kubandua karatasi ya nyuma. Kwa mtu anayeumizwa na nguo, faida ni mbili: dawa inatuliza mishipa ya fahamu, na plasta yenyewe inakinga ngozi isisuguliwe. Ila msimkande kwa maji ya moto juu yake, joto huzidisha dawa inayoingia mwilini.

Subira77: Krimu msiidharau. Kapsaisini ndiyo inayoipa pilipili ukali wake. Ya 0.075% hupakwa mara 3 hadi 4 kwa siku, na mwanzoni inaunguza kwelikweli. Wengi huishia hapo. Mimi nilikaza, baada ya wiki kadhaa nikaanza kupata usingizi. Lakini huyo mama asiyevumilia hata shuka, kumpaka mara zote hizo ni kumtesa. Mkiichagua, vaeni glavu, isifike machoni.

Nesi_wa_Zamu: Kuna nyingine hamjaitaja: plasta ya kapsaisini ya asilimia 8. Hiyo haibandikwi nyumbani. Mhudumu wa afya huiweka kwa dakika 60 huku akipima presha, maana inaweza kupanda. Ikimkubali mgonjwa, nafuu hufika hata miezi 3. Hata hivyo ningeanza na lidokaini. Ikagueni ngozi vizuri kwanza, penye kidonda kibichi msibandike kitu. Na kama anatumia dawa za mapigo ya moyo, daktari ajue.

Kitindamimba: Asante sana dada. Na vidonge anavyomeza vya gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, aache?

Nesi_wa_Zamu: Hapana, asiache ghafla! Vinakwenda pamoja na plasta. Akipata nafuu, daktari ndiye atakayempunguzia dozi taratibu.