Mrejesho: Kesi iliyokutwa na mwisho wa muhula wa Mahakama Kuu

Wakuu, niliuliza kama kesi iliyokwisha sikilizwa inakufa pale muhula wa majaji wa Mahakama Kuu, katika serikali yetu ya kuigiza mtandaoni, unapoisha kabla ya hukumu. Haikufa. Jopo jipya limeamuru hoja zitolewe upya, kwa maandishi.

Aliyenielekeza kwenye kesi ya Brown ya Marekani (ile ya kupinga ubaguzi wa rangi shuleni, katika Mahakama ya Juu ya huko), asante sana. Ilisikilizwa 1952, Jaji Mkuu Vinson akafariki, ikasikilizwa tena 1953 chini ya Jaji Mkuu mpya, Warren, hukumu ikatoka 1954. Niliitaja kwenye maombi yangu wakaielewa haraka. Spika alipinga (lini hapingi?) eti katiba yetu haisemi lolote kuhusu hali hiyo. Sheria ya uchaguzi ninayoipinga kwenye kesi hiyo imesimamishwa kwa muda, uchaguzi unaendelea bila hiyo.