Shemeji anatafuta ukoo wa mama wa bibi yake, Mcherokee, aanzie wapi?

mtoto_wa_Rau: Wakuu habari za jioni. Niko Moshi. Mke wa kaka yangu ni Mmarekani, watoto wao sasa wamefika umri wa maswali, upande wetu wanajua kila kitu mpaka kihamba cha babu mzaa babu kiko wapi, wakimgeukia mama yao anawaambia tu kwamba mama wa bibi yake alikuwa Mcherokee, kabila la Wahindi Wekundu, wa Oklahoma, basi. Ana jina lake la kwanza na picha moja imefifia. Anataka kuagiza kipimo cha DNA, mi nikamwambia subiri niulize kwanza maana ile hela sio mchezo. Nilikuwa nafikiri tuanze na jina la ukoo wa baba kama kwetu. Kuna mwenye ujuzi?

Kibosho Original: hiyo hela ya kipimo nunueni mbuzi 😂

mama_Njiro: Kaka DNA achaneni nayo kwanza. Nimeishi Tulsa, hukohuko Oklahoma, miaka ya masomo, Wacherokee wenyewe hawaikubali, itakwambia ana asili ya Wahindi Wekundu kiasi fulani ila kabila haitaji. Cherokee Nation, serikali ya kabila pale Tahlequah, wanataka makaratasi, kwamba mzazi wako wa damu wa kizazi chochote huko nyuma yumo kwenye orodha ya Dawes, ile waliyoanza kuandikisha 1898 serikali ilipokuwa inakata ardhi ya kabila vipande vipande kugawia mtu mmoja mmoja. Oklahoma yenyewe imekuja kuwa jimbo 1907. Damu kidogo damu nyingi hawajali. Wacherokee wa North Carolina ndo wanajali, wao wana orodha yao ya Baker ya 1924 na lazima uwe na angalau 1/16 ya damu yao.

Sasa shemeji aanze na cheti chake cha kuzaliwa, halafu cha mama yake, halafu cha bibi, asiruke. Tatizo la kutafuta mwanamke ni majina. Huyo mama wa bibi kama aliolewa mara mbili makaratasi ya uzeeni yana jina la mume wa mwisho, ukilipeleka kwenye Dawes hupati kitu kwa sababu 1902 wakati wanaandikisha huenda alikuwa katoto kwa baba yake. Cheti cha kifo cha binti yake kinaweza kuwa na jina lake la usichana, au fomu ya binti ya kuombea namba ya Social Security, ile hifadhi ya jamii ya Marekani, zimeanza 1936 na zinauliza baba na mama.

Akimpata asiishie kwenye jina na namba, atafute ile kadi. Kadi ni kaya nzima, umri, jinsia, kiwango cha damu, na pembeni baba na mama wa kila mtu, hapo anapanda kizazi kingine bure kabisa.

Na kuhusu ukoo kwao ni kinyume na Uchagani, koo ziko saba na mtoto anafuata ya mama. Ila Dawes hawakuandika koo, hilo watawauliza wazee.

Sakina_boy: Naongezea hapo kwa dada. Asipomuona aangalie na orodha ya walioachwa huru. Wacherokee nao walimiliki watumwa weusi, mkataba wa 1866 ukawapa hao watu uraia, Dawes wakaja kuwaweka orodha ya peke yao bila kuandika damu hata kama mtu mzazi wake mmoja ni Mcherokee kabisa. Kesi ya uraia wao imeburuzwa weee mpaka 2021 mahakama yao ya juu ndo ikafuta maneno ya "kwa damu" kwenye katiba. Na kama familia ilikuwa imehamia Texas au Arkansas wakati wa uandikishaji huenda hawamo kabisa, hapo ajaribu maombi ya fidia ambayo Wacherokee walipeleka kwa serikali ya Marekani 1906 mpaka 1909, yanaitwa ya Guion Miller kwa jina la ofisa aliyeyashughulikia, watu walitaja mpaka babu zao, na hata yaliyokataliwa yametunzwa.

mtoto_wa_Rau: Dah asanteni sana. Shemeji anasema bibi alifia Tulsa, usiku huu anampigia mama yake kuulizia cheti. Kuitafuta hiyo Dawes wanalipisha?

mama_Njiro: Bure. Tovuti ya Oklahoma Historical Society unaandika jina tu, kadi zenyewe ziko National Archives ya Marekani. Ajaribu na tahajia za ajabu ajabu, makarani waliandika walivyosikia.