Wenye malori ya mchanga Dar, mnaiba mchana kweupe halafu mwizi anaitwa fundi

Wakuu, salaam.

Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. Mimi ni fundi mwashi. Nimesomea VETA Chang'ombe, cheti ninacho, na riziki yangu kubwa ni ukarabati: kubomoa ukuta wa jiko, kuongeza chumba cha nyuma, kubandua plasta iliyooza kwa unyevu na kupiga upya, kumwaga jamvi (zege la sakafu), kulaza vigae. Nazunguka Goba, Madale, Mbezi, na Bunju nikiitwa. Ninachosema ni kimoja tu: lori la mchanga mnaloliita la tani 7 halileti mzigo uliolipiwa. Kila aliyemo kwenye biashara hii anajua. Na lawama zote anabebeshwa fundi, kwa sababu fundi ndiye anayeonekana pale saiti mchanga unapoisha.

Kazi niliyonayo sasa ni ya mama mmoja, mwalimu mstaafu. Nyumba ni ya zamani, kuta za ndani zimepukutika mpaka unaona tofali. Pesa yenyewe ni ya kiinua mgongo, haina mwenzake. Nilimpigia hesabu mbele ya macho yake, kwenye daftari lake, ili asiwe na wasiwasi: tripu mbili za mchanga wa Mpiji zingetosha plasta ya ndani na jamvi la chumba kipya, na ungebaki kidogo wa kulazia vigae.

Mchanga ukaisha kuta mbili za sebule hazijaguswa.

Mama akatoka, akasimama pale lilipokuwa lundo, akaangalia chini muda. Kisha akaniambia, "Fundi, mwanangu, niambie ukweli tu, sitakasirika. Mchanga wangu umekwenda wapi?" Angenitukana ningejua pa kujibia. Kaniuliza kama mama anavyomuuliza mtoto aliyerudi kutoka dukani na chenji pungufu. Na jirani wa nyuma wiki hiyohiyo alikuwa anamwaga msingi, kwa hiyo mama wa watu alishajumlisha moja na moja: fundi kauza mchanga kwa jirani usiku.

Wakuu, mimi nina watoto. Nina vijana wawili wanaonisaidia, wote walisikia yale maneno. Iliniuma sana.

Tripu mbili za kwanza zilishushwa saa tano usiku. Mlinzi akasaini kikaratasi kwa tochi ya simu, lori likaondoka. Ya tatu nikamwambia mama, hii naomba ije mchana na isimwagwe mpaka nifike. Nikaja na tepu, chaki, na kipande cha nondo. Lori likaingia, nikamwomba dereva azime injini. Nikapima bodi kwa ndani: urefu mita 4.2, upana mita 2.1, kina mpaka ukingo wa mbao sentimita 60. Zidisha hapo unapata mita za ujazo 5.29. Huo ndio mzigo uliolipiwa, kwa sababu dalali alisema kwa mdomo wake, "linajaa mpaka juu."

Nikapanda. Ukiangalia kutoka chini kweli limejaa, kuna mlima katikati unapita mbao. Nikachomeka nondo katikati mpaka ikagonga bati, nikaweka alama ya chaki, nikachomoa, nikapima: 72. Nikaenda kona moja: 41. Ya pili 44. Ya tatu 38. Ya nne 45. Jumlisha, gawa kwa tano, wastani sentimita 48. Mita za ujazo 4.23. Imepungua zaidi ya mita moja ya ujazo, yaani moja ya tano ya mzigo haipo. Kwa tripu ya laki moja na themanini, hiyo ni elfu 36 imebaki mfukoni mwa mtu. Na mchanga huo uliokosekana ni kama toroli 16. Kwa plasta ya moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne), toroli mbili kwa mfuko, unazungumzia mifuko minane ya saruji iliyokaa stoo haina cha kuchanganyia. Zidisha kwa tripu mbili za usiku. Kuta za sebule ya mama ziko hapo.

Mama alikuwa amesimama chini na daftari lake anaandika namba nilizokuwa nazitaja. Hakusema kitu, ila aliandika zote.

Dereva mwanzo alikuwa mkali, "kaka unanichelewesha, nina tripu nyingine Salasala." Nilipomsomea hesabu akapoa. Akanivuta pembeni akaniambia, "Fundi, nikijaza mpaka juu hesabu ya bosi haitoki." Na ninamwamini, maana mfumo wenyewe uko hivi: gari ni la bosi, dereva anatakiwa kupeleka hesabu ya siku, yaani pesa aliyopangiwa na bosi, dizeli juu yake, wapakiaji wa chepe machimboni wanataka chao, ushuru upo, dalali wa barabarani aliyempata mteja naye anakata chake. Mteja naye analilia bei ipungue. Dalali anakubali bei yoyote ile bila ubishi, kwa sababu anajua pengo litazibwa kwenye chepe. Wapakiaji wanaambiwa "piga mgongo wa tembo", lundo linakuwa katikati, kona zinabaki na mashimo. Kwa hiyo sina ugomvi na dereva peke yake. Ugomvi wangu ni na wenye malori na madalali wao, wanaokaa chini ya mwembe wanapanga haya yote wakijua kuna mstaafu atalia.

Na hiyo ya kona ni mbinu moja tu. Kuna wanaoweka mbao za pili kwenye sakafu ya bodi, kwa nje lori linaonekana lina kina kumbe ndani limeinuliwa. Kuna wanaopunguza njiani: mtu kaagiza nusu tripu Tegeta, wanammwagia kutoka kwenye mzigo wako, kisha utingo anasawazisha juu kwa chepe kabla hajafika kwako. Kuna mchanga unaoganda nyuma ya kabini kwa ajili ya tope, tipa linainuka, mzigo unamwagika, lakini pale mbele inabaki tabaka nzima inaondoka nayo. Panda uangalie baada ya kumwaga. Wengi hampandi.

Halafu maji. Hili wateja wengi hawalijui na linawaumiza kimyakimya. Mchanga wenye unyevunyevu unavimba. Punje zinashikana na maji kidogo, zinaachiana nafasi, mchanga uleule unachukua nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 20 mpaka 30. Ukikauka unashuka. Kwa hiyo lori linalopakiwa likiwa bichi kutoka mtoni hata likifika limejaa kihalali, lundo lako baada ya jua la siku chache litakuwa dogo, na hapo hakuna aliyeiba usiku. Fundi mzuri anakuwekea nafasi hiyo kwenye makadirio, na mimi niliiweka. Ila huwezi kuweka nafasi ya wizi.

Sitaongelea sana kokoto za Lugoba zinazokuja nusu vumbi, wala nondo za milimita 12 ambazo ukizipima unene kwa kalipa hazifiki 12. Huo ni uzi mwingine.

Sasa kuna watu watasema "mteja ndiye mjinga, kwa nini hakupima." Jamani. Mwalimu wa darasa la tatu aliyestaafu apande juu ya Fuso na nondo saa tano usiku? Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo wana kazi ya kukagua bodi za malori ya mchanga na kokoto ili ujazo wake ujulikane. Basi mnunuzi ana haki ya kuambiwa lori hili linabeba mita za ujazo ngapi, na kuuziwa kwa kipimo hicho. Kwenye sheli ukipunjwa lita moja ya petroli unapiga kelele mpaka meneja atoke. Mchanga ukipunjwa toroli 16, tunanyamaza kwa sababu "ndivyo ilivyo." Mimi nakataa.

Na hasara hii haiishii kwenye pesa. Saruji ipo, mchanga hautoshi, mteja hana hela ya tripu nyingine. Unajua kinachofuata? Fundi njaa anachota kifusi cha ua, udongo wa tope, anachanganya humohumo ili ukuta uishe apate chake. Baada ya mvua za masika plasta inabanduka. Chukua chupa ya maji, weka mchanga nusu, jaza maji, tikisa, iache mpaka kesho yake. Udongo laini utakaa juu peke yake. Ukiona tabaka hilo ni nene, hiyo plasta utairudia. Nimebandua kuta nyingi za namna hiyo, na kila mwenye nyumba ananiambia fundi aliyepita alikuwa kanjanja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtaja mwenye lori.

Linaloniudhi zaidi ni hili la nyumbani kwangu. Mtoto wa dada yangu kamaliza kidato cha nne, matokeo si mazuri sana, yuko njia panda. Mkono wake ni mwepesi mno. Likizo nilikuwa nakwenda naye saiti, nikampa kona ya kupiga plasta, akaivuta kwa rula ikatoka kama kioo. Nikamwambia dada, huyu tumpeleke VETA akasome uashi, ada nitachangia. Dada akanijibu mbele yake, "Ufundi gani kaka, watu wanawaita wezi. Aende akajifunze lori, dereva anaheshimika, anarudi na hela kila siku."

Nilikosa la kumjibu kwa sababu kwenye jina ana haki. Mtaani kwetu dereva wa tipa anaitwa bosi, fundi anaitwa "hawa watu." Kijana akaniuliza, "Mjomba, sasa nichague kipi?" Nikamwambia ukweli wangu: udereva wa lori ni kazi ya heshima, ina chuo chake pale Mabibo, na barabara ya Tunduma imelea familia nyingi. Ukiupenda nenda, lakini kasome uendeshe kwa leseni halali na mkataba wa maandishi, usianze na utingo wa tipa la mtu anayekupigia simu saa nne usiku akudai hesabu ambayo haitoki bila kumpunja mjane. Na ukichagua uashi, ujue utalipwa kidogo mwanzoni na utashukiwa bure. Bado anafikiria. Mimi kinachonichoma ni kwamba fani inapoteza mkono kama ule kwa sababu ya jina baya ambalo nusu yake imetengenezwa machimboni.

NYONGEZA: Naona michango inakuja, nijibu machache.

Mkuu aliyesema mafundi nao wezi: wapo, tena wengi, na saruji ndiyo inayoibwa zaidi kwa sababu inabebeka. Dawa yake ni kuhesabu mifuko mitupu kila jioni na kukaa nayo wewe mwenyewe. Fundi atakayekasirika ukihesabu mifuko, mwondoe. Mimi sijawahi kukasirika. Ila mchanga hauibwi kwa mkoba. Toroli 16 lazima majirani waone.

Aliyeuliza afanye nini kesho asubuhi lori likija: usiagize kwa tani, agiza kwa mita za ujazo na iandikwe kwenye risiti au hata ujumbe wa simu. Lije mchana. Pima bodi kwa ndani, si kwa nje. Waambie wasawazishe mzigo kabla hujapima. Mwenye mzigo kamili hatakataa. Chomeka nondo kona zote nne na katikati. Ikipungua, kata bei hapohapo kabla tipa halijainuka, kwa sababu likishamwaga huna ushahidi. Mama alikatiwa elfu 30 kwa tripu ile ya tatu. Tripu mbili za usiku dalali amesema hazijui, na simu zangu hapokei.

Dada aliyesema yeye ana malori mawili na hafanyi hivi: nakuamini, na nina wateja watatu wanaosubiri mchanga. Weka hapa ujazo wa bodi lako na bei ya kila mita, nitakuletea kazi na nitapima mbele yako.

Na nyie wengine wenye malori, ambao naona mnasoma bila kuchangia, sitaki mniambie maisha magumu, wala mafuta yamepanda. Mafuta yakipanda pandisha bei, mteja ataamua. Nijibuni hili moja: mkiambiwa muuze mzigo uliosawazishwa, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa gari, kwa bei yoyote mnayotaka nyie wenyewe, mnakataa nini?