Insha ya "Mimi na Utamaduni Wangu": Mchaga niliyezaliwa Dar naanzia wapi?

Mtoto wa Tandika:
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa kwanza chuo. Kwenye Stadi za Mawasiliano tumepewa insha ya maneno 1500, kila mtu aandike kuhusu nafsi yake na utamaduni wake. Wazazi wangu ni Wachaga wa Marangu, mimi nimezaliwa Tandika. Kichaga nakisikia, kukiongea ni taabu. Kule tunaenda Desemba tu. Nina haki gani ya kusema huo ni utamaduni wangu? Halafu sekondari tulizoeshwa utangulizi, kiini, hitimisho, na neno "mimi" lisionekane.

Kijana wa Moro:
Mbona rahisi mkuu. Weka kahawa, mbege, na Mangi (chifu) Meli alivyonyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Maneno 1500 yanajaa.

Mama Kihamba:
Yatajaa, ila yeye hatakuwemo. Meli alikuwa Mangi wa Old Moshi. Wa Marangu wakati ule alikuwa Marealle, na alishirikiana na hao Wajerumani. Mdogo wangu, ukitaka historia, waulize wazee ukoo wenu ulisimama upande gani.

Mimi nasahihisha insha hizi. Nyingi zinaanza "Wachaga ni kabila linalopatikana Kilimanjaro." Hilo nalijua, nataka kukujua wewe. Shika kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Isale, kwa mfano: ni jani linalopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo, na mkosaji akikuletea, kumnyima msamaha ni jambo zito sana. Umewahi kuona likipelekwa? Nani alilishika? Maneno yaliyosemwa uliyaelewa? Kama hukuyaelewa, andika hivyo hivyo. Wachaga wangapi wa mjini wanaishi hivyo! Hiyo haki unayoiuliza, sioni nani wa kukunyima.

Mtoto wa Tandika:
Shikamoo mama. Nimeliona nikiwa darasa la sita. Baba mdogo alimletea babu, mambo ya shamba. Watoto tulitolewa nje, tukasikilizia dirishani. Lakini ugomvi wa nyumbani unaandikwa?

Mama Kihamba:
Marahaba. Mpigie baba mdogo simu kwanza, umwombe. Akikataa, chanzo cha ugomvi kiache, andika mlivyokuwa pale dirishani: nani alikutafsiria, sauti ya babu ilikuwaje, mlipoitwa ndani mlikuta nini. Na tumia "mimi" bila woga, swali lenyewe limekutaka wewe.